Uwanja Mtupu au Igizo la Vita: Upange Safari Ipi?

Una likizo moja na nauli ya safari moja. Je, uende kutembea kwenye uwanja wa vita siku ya kawaida, ukiwa na ramani na viatu imara? Au usubiri wikiendi ile ambayo mamia ya watu huvaa sare za zamani, wakawasha mizinga na kupigana upya vita vilivyokwisha karne kadhaa nyuma? Wapo watakaokuambia kwamba igizo ni mchezo wa watu wazima waliokosa shughuli. Wapo pia watakaokuambia kwamba uwanja mtupu ni majani na mawe tu. Kila upande umeshika nusu ya ukweli.

Kuna jambo linalovuruga mipango ya wengi, na ni afadhali lisemwe mapema: mara nyingi uwanja na igizo havikutani mahali pamoja. Nchini Marekani, idara inayosimamia hifadhi za taifa hairuhusu mapigano ya kuigiza ndani ya viwanja vya vita vilivyo chini yake. Msimamo huo ulikuja baada ya maigizo makubwa ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, yaliyoadhimisha miaka 100 ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, kulalamikiwa sana. Kwa hiyo atakayekwenda kuona igizo la Gettysburg, mapigano makubwa ya vita hivyo, ataliona kwenye shamba la jirani, nje ya mipaka ya hifadhi. Uingereza mambo ni tofauti: igizo la Hastings hufanyika kila Oktoba kwenye viwanja vya abasia ya Battle, ambayo William Mshindi aliijenga kuadhimisha ushindi wake wa 14 Oktoba 1066. Grunwald, Poland, ni vivyo hivyo. Wapiganaji wenye deraya hukutana kwenye mashamba yale yale ya mapigano ya 1410. Kabla ya kulipia chochote, uliza igizo liko wapi hasa.

Vigezo vya kupimia

Nimetumia vigezo vitano. Cha kwanza ni kile utakachoelewa, maana ndicho kinachotenganisha safari hizi kuliko kingine chochote. Vinavyofuata ni tarehe, wenzako wa safari, mfuko na maandalizi, na mwisho heshima kwa waliokufa. Hiki cha mwisho wengi hukifikiria wakiwa wameshafika, jambo linaloweza kumharibia mtu siku nzima.

Kutembelea uwanja wenyewe

Utakachoelewa. Uwanja hujibu swali la "kwa nini hapa" na "kwa nini walishindwa". Kitabu huchora mishale juu ya karatasi, lakini mishale haichoki wala haipandi mlima. Chukua Gettysburg. Siku ya tatu ya mapigano, 3 Julai 1863, askari wa Kusini wapatao 12,000 waliamriwa kuvuka uwanda wazi wa zaidi ya kilomita moja kuielekea mizinga ya Kaskazini. Ukisimama kwenye ukingo wa miti walipoanzia, uwanda unaonekana bapa kabisa, na unajiuliza ni kamanda gani mwenye akili angetoa amri ile. Anza kutembea. Baada ya muda ardhi inabonyea chini yako, na sehemu ya safu ya adui inapotea machoni. Ukipanda tena, inarudi, safari hii karibu zaidi. Kumbe mabonde yale madogo, ambayo hayaonekani kwenye picha, ndiyo yaliyowapa watu wale nafasi ya kuvuta pumzi na kunyoosha safu. Kisha unafika barabara ya Emmitsburg. Mwaka ule ilikuwa na uzio wa mbao imara pande zote mbili, na askari ilibidi aupande, aruke, avuke barabara, apande mwingine, huku akilengwa. Ukiutazama uzio huo huhitaji mtu akueleze kwa nini karibu nusu ya kikosi hakikurudi kikiwa kizima.

Omaha, ufukwe kwenye pwani ya Normandy, Ufaransa, ina somo la namna hiyo, ila linategemea saa. Tarehe 6 Juni 1944 Wamarekani walishuka maji yakiwa yamekupwa, ili vyombo vyao viviepuke vizuizi ambavyo Wajerumani walikuwa wameviweka ufukweni. Kukwepa vizuizi kuliwagharimu, kwani mbele yao kulibaki mchanga mtupu wa mamia ya mita kabla ya kupata pa kujificha. Mgeni anayefika maji yakiwa yamejaa huona kipande cha mchanga tu na kushangaa kelele zote zile zilikuwa za nini. Tazama jedwali la kupwa na kujaa kabla hujatoka hotelini.

Lakini ardhi nayo hudanganya. Pale Waterloo, Ubelgiji, kile kilima cha Simba chenye ngazi 226, ambacho kila mgeni hukikimbilia, hakikuwepo siku ya vita, 18 Juni 1815. Kilijengwa baadaye na kukamilika mwaka 1826. Udongo wake ulichotwa papo hapo, kwenye sehemu ya tuta ambalo Wellington, kamanda wa Waingereza na washirika wao, alilitumia kuwaficha askari wake wasionwe na mizinga ya Napoleon. Kwa maneno mengine, ukumbusho wa vita ulimeza sehemu ya ushahidi wa vita. Verdun, uwanja wa Vita vya Kwanza vya Dunia huko Ufaransa, nayo imefunikwa na msitu uliopandwa baada ya 1918. Bila maelezo unaweza kudhani ni mahali pa kupunga upepo, hadi utakapogundua kwamba ardhi yote chini ya miti ni mashimo ya makombora. Swali la kwanza kwenye uwanja wowote liwe hili: hapa nini kimebadilika?

Tarehe. Hapa uwanja unapata alama nyingi, kwa kuwa unakungoja wewe. Unaweza kwenda siku yoyote nauli inaporuhusu, ukakaa saa mbili mahali pamoja bila mtu kukusukuma. Angalizo ni mawili. Sehemu kubwa ya Waterloo bado ni mashamba ya watu, na mwezi wa Juni mazao yanakuwa yamesimama, kwa hiyo utabaki njiani. La pili, kama unataka utulivu, iepuke siku ya kumbukumbu yenyewe. Normandy karibu na 6 Juni, hasa mwaka wa maadhimisho makubwa wanapofika marais, barabara hufungwa na vyumba hukodishwa mapema mno.

Wenzako wa safari. Tuseme ukweli: mtoto wa miaka minane hawezi kuona jeshi mahali penye nyasi tupu. Ataona nyasi, naye atakuwa sahihi. Wazee wanafaidika zaidi, ila angalia eneo lenyewe. Gettysburg inazungukika kwa gari kituo hadi kituo. Isandlwana, huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, inataka kutembea juani penye kivuli kidogo. Na zile ngazi 226 za Waterloo hazina huruma kwa magoti.

Mfuko na maandalizi. Viwanja vingi havitozi kiingilio, au hutoza kidogo. Gharama iko kwa mwongozaji, na mimi ningeikata bajeti ya hoteli kabla sijakata ya mwongozaji. Gettysburg ina waongozaji wenye leseni tangu 1915. Hufanyiwa mtihani, na wanaweza kuingia kwenye gari lako wakaliendesha wao huku wakisimulia, nawe ukauliza upendavyo. Umuhimu wao unaonekana zaidi Isandlwana. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Wazulu lenye watu wapatao 20,000 liliifagia kambi ya Waingereza chini ya mlima ule, likaua zaidi ya 1,300 wa upande wa Waingereza. Leo utaona mlima, uwanda, na marundo ya mawe yaliyopakwa chokaa nyeupe. Mwongozaji anapokuonyesha kwamba marundo hayo yako juu ya makaburi, na kwamba yalivyotawanyika yanafuata njia ambazo watu walikimbilia au walisimama wakafia pamoja, uwanda mzima unaanza kusomeka. Usipokuwa naye, utapiga picha ya mlima na kuondoka.

Kama huwezi kumlipa mwongozaji, soma saa chache kuhusu vita kimoja tu, tena usome upande wa walioshindwa.

Heshima. Hapa hakuna utata mkubwa: uko makaburini, jiheshimu. Culloden, Uskoti, ambako mapigano ya 16 Aprili 1746 yalidumu kwa muda usiofika saa moja, ina mawe yenye majina ya koo juu ya makaburi ya pamoja, na watu bado huweka maua. Jengo la mifupa la Douaumont karibu na Verdun lina mabaki ya askari wasiojulikana wasiopungua 130,000, Wafaransa na Wajerumani wakiwa wamechanganyika. Kupitia vidirisha vya chini kwa nje unaiona mifupa yenyewe. Usiokote kitu. Vyombo vya kutafutia chuma ardhini vimepigwa marufuku mahali pengi, na kwenye viwanja vya Vita vya Kwanza vya Dunia kombora lenye kutu bado linaweza kuua.

Unamfaa nani. Anayependa kufikiri kimyakimya, anayefuatilia babu au ndugu aliyepigana, mpenda ramani, na mtu asiyevumilia misongamano. Haumfai anayehitaji kuonyeshwa ili aelewe, na wala hilo si kosa.

Kuhudhuria igizo la vita

Utakachoelewa. Igizo hujibu swali la "ilikuwaje kwa mwili": uzito, sauti, moshi, mwendo. Mtazame mwigizaji mmoja wa enzi za Napoleon akipakia gobori. Anatoa kifuko cha karatasi mkobani, anakirarua kwa meno, anamimina baruti kidogo kwenye kisahani kilicho ubavuni mwa bunduki, anafunika, anageuza bunduki, anamimina iliyobaki mtutuni. Midomo yake inabaki myeusi. Enzi zile angeshindilia risasi kwa ufito wa chuma. Kwenye maigizo mengi risasi haipo kabisa, na fito haziruhusiwi kutumika kwenye safu, isije moja ikasahaulika mtutuni na kuruka kama mshale. Askari aliyefunzwa vizuri aliweza kupiga karibu mara tatu kwa dakika. Ukimaliza kuhesabu hatua hizo zote ndipo unapoelewa kwa nini watu walisimama wima bega kwa bega badala ya kulala chini, jambo linalowashangaza wengi wanaolisoma vitabuni. Bunduki ile ilikuwa haina shabaha ya kutegemewa, na kuipakia ukiwa umelala ni taabu. Nguvu yake ilikuwa kwenye wingi.

Kisha moshi. Baada ya kupiga mara chache safu nzima hutoweka ndani ya wingu jeupe. Mara moja sare za rangi kali, bendera kubwa kupindukia, ngoma na tarumbeta zinaacha kuwa mapambo. Askari asiyeona mbele alihitaji kujua mwenzake ni nani na bendera iko wapi, naye kamanda ambaye sauti yake ilizamishwa na mizinga alihitaji ngoma. Hili uwanja mtupu hauwezi kukupa hata ukae mwezi.

Sehemu bora, kwa maoni yangu, si mapigano bali kambi kabla ya mapigano. Waigizaji wengi wanapenda kuulizwa. Atakuonyesha mshono alioushona kwa mkono, kiatu kisicho na kushoto wala kulia, mkate mgumu wa askari, na atakuruhusu uinue deraya ujue uzito wake. Mtu anayekwenda saa ya mapigano tu anapoteza nusu ya kiingilio chake.

Sasa upungufu, ambao ni mkubwa. Kwanza idadi. Maadhimisho ya miaka 200 ya Waterloo mwaka 2015 yaliwakusanya waigizaji kama 5,000, na hilo lilihesabiwa kuwa tukio kubwa mno. Siku ya vita yenyewe, majeshi yote yakijumlishwa, walikaribia 200,000. Pili, umri: sare ya kijana wa miaka kumi na tisa huvaliwa na mzee mwenye kitambi, na farasi ni wachache. Tatu ni kifo. Watu huanguka kwa makubaliano, au baruti inapowaishia, au kivuli cha mti kinapowavutia. Mwisho tarumbeta hulia, maiti huinuka, hujikung'uta vumbi, na watazamaji hupiga makofi. Sina ugomvi na makofi hayo, lakini mtazamaji ajue kwamba ameonyeshwa mbinu za vita, mateso yake yamebaki nje ya kamba. Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani askari wengi zaidi waliuawa na maradhi kuliko silaha, na hakuna atakayeuza tiketi ya kutazama kuhara damu.

Tarehe. Igizo halikungoji. La Grunwald huja katikati ya Julai, la Hastings katikati ya Oktoba. La Austerlitz, Jamhuri ya Cheki, hufanyika karibu na 2 Desemba, ambapo baridi ni sehemu ya onyesho utake usitake. Siku yenyewe mara nyingi husogezwa hadi wikiendi, na matukio makubwa hungoja miaka ya maadhimisho. Mvua nayo ni adui. Baruti ikilowa, mizinga hunyamaza.

Wenzako wa safari. Watoto hulipenda, ila mlipuko wa mzinga karibu ni mkali kweli. Wabebee vya kuzibia masikio, na mtoto mchanga mwache mbali na kamba. Kuna jambo ambalo matangazo hayasemi: kama mwenzako amewahi kuishi vitani au kukimbia vita, muulize kwa upole kabla ya kumnunulia tiketi. Milio na harufu ya baruti vinaweza kumrudisha asikotaka kurudi, na atakuwa katikati ya umati unaoshangilia.

Mfuko na maandalizi. Utalipia kiingilio, na malazi ya karibu hupanda wikiendi hiyo. Faida yake ni kwamba huhitaji kusoma sana. Kwa kawaida kuna mtangazaji anayeeleza kwenye vipaza sauti. Fika asubuhi, uliza upepo unavuma kutoka wapi, na ujiweke upande unakotokea, la sivyo utatazama moshi mchana kutwa. Jua nalo liwe mgongoni.

Heshima. Hapa watu wenye nia njema hutofautiana. Wasimamizi wa hifadhi za Marekani wanashikilia kwamba hata igizo lililofanyiwa utafiti wa kina haliwezi kubeba uzito wa msiba wa vita halisi. Waigizaji nao hujibu kwamba bila wao watoto wasingejali kabisa vita vile. Kwangu mimi umbali wa wakati una maana: 1066 hainisumbui, lakini sare za Kinazi kwenye tukio la Vita vya Pili vya Dunia zinanisumbua, na wapo waandaaji wanaozikataza au kuziwekea masharti. Angalia pia kinachoachwa. Igizo la Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani ambalo siku nzima halitaji utumwa limekuficha sababu ya vita.

Linamfaa nani. Familia yenye watoto wa shule, mwalimu, mtu wa kushika na kuuliza, mpenda ufundi wa silaha na mavazi, na yule ambaye vitabu vya historia vilimchosha. Halimfai anayetaka kuomboleza.

Njia ya tatu: hafla ya kumbukumbu

Naitaja kwa ufupi kwa sababu wengi hawaifikirii, na kuna mahali ambapo ndiyo jibu. Kule Ypres, Ubelgiji, chini ya lango la Menin lenye majina zaidi ya 54,000 ya askari wasio na kaburi linalojulikana, tarumbeta hupigwa kila siku saa mbili usiku, desturi iliyoanza 1928. Haina kiingilio, haina tarehe ya kukosa, na huchukua dakika chache. Gallipoli, Uturuki, ni kinyume chake: ibada ya alfajiri ya 25 Aprili, ya kuwakumbuka askari wa Australia na New Zealand, inataka kujiandikisha mapema na kukesha nje kwenye baridi. Hafla haikufundishi mbinu wala ardhi. Inamfaa mwenye jina la mtu moyoni. Mtoto mdogo atachoka na kimya, na mpiga picha atajisikia vibaya, kama inavyopaswa.

Kwa hali yako

Ukiwa na watoto wa kati ya miaka saba na kumi na mbili, anza na igizo, halafu siku inayofuata wapeleke uwanjani kwa saa moja tu. Wakiwa wameshasikia mizinga, watakuuliza wenyewe ilikaa wapi. Ukianza na uwanja, huenda siku ya pili wakagoma.

Ukiwa peke yako na muda wa kutosha, nenda uwanjani nje ya msimu, lipa mwongozaji nusu siku, kisha nusu iliyobaki rudi mwenyewe kwa miguu pale pale alipokupitisha kwa gari.

Ukiwa unamtafuta jamaa aliyekufa, acha igizo kabisa. Kwa askari wa Uingereza na himaya yake katika vita viwili vya dunia, tume inayotunza makaburi yao ina orodha ya majina mtandaoni. Tafuta kaburi au ukuta wenye jina kabla ya kununua tiketi ya ndege, maana anaweza kuwa amezikwa mbali na alipopigana.

Ukiwa umevutiwa na enzi za kati, uzito wangu ungeegemea maigizo, kwa kuwa viwanja vya zama hizo mara nyingi vimebakiza kidogo sana juu ya ardhi. Kwa Vita vya Kwanza vya Dunia ningegeuza: mahandaki, mashimo na makaburi bado yapo na yanasema mengi. Hapo sioni igizo litaongeza nini.

Na kama unataka vyote katika safari moja, Hastings au Grunwald vitakupunguzia usumbufu, kwa kuwa igizo na ardhi viko pamoja. Fika siku moja au mbili kabla, uutembee uwanja kabla uzio, vibanda na magari havijaufunika. Tiketi ya ndege iwe ya mwisho kununua, baada ya waandaaji kuthibitisha wikiendi ya mwaka huo.